SHEMEJI ALIOMBA DAKIKA TANO JUU YA BATI

Nilimkuta shemeji yangu juu ya bati la nyumba yangu, saa sita mchana, mkononi ameshika paneli yetu ya sola.

Chini yake, ndani ya nyumba, mashine ya mume wangu ilikuwa inalia.

Tiiii... tiiii... tiiii...

Kama una mgonjwa wa oksijeni nyumbani, mlio huo unaujua. Kama huujui, mshukuru Mungu wako leo.

Beseni lilinitoka kichwani. Lilikuwa tupu, mzigo wa asubuhi ulikuwa umekwisha sokoni na nilikuwa nimerudi kuchukua mwingine. Mtu yeyote wa mtaa wetu wa Bwiza angekwambia saa ile Orpha hayupo nyumbani.

"Fabrice! Unafanya nini huko juu?!"

Aligeuka. Jamani, ule uso! Uso wa mtu aliyefumaniwa.

"Shemeji... we si uko soko?"

Hilo ndilo neno la kwanza lililomtoka. Hakusema kaka yake anaumwa. Aliniuliza mbona siko sokoni!

"Teremusha hiyo plaki ya sola! Mashine inalia, huisikii?"

"Nasikia! Ngoja, shemeji. Nipe dakika tano. Dakika tano tu!"

Paneli mbili hazikuwepo mahali pake. Ya tatu imelala kwenye bati, ya nne anayo yeye. Nyaya zinaning'inia.

Nikaingia ndani mbio.

Divin wangu alikuwa ameketi kitandani, mikono kwenye magoti, anavuta hewa kwa mabega. Mrija uko puani lakini hakuna kitu kinachotoka. Midomo imekuwa rangi ya wino.

"Divin! Divin, niangalie!"

Hakuweza kusema. Alinyoosha kidole juu, kwenye bati, akatikisa kichwa. Akanyoosha tena.

Mimi nikaelewa nilivyoelewa. Nikaona ananionyesha mwizi.

Nikatoka nje na kupiga kelele ambayo nitaisikia mpaka naingia kaburini.

"MWIZI! MWIZI WA SOLA! ANAUA KAKA YAKE!"

Mnaijua Bwiza. Neno hilo ukilitoa mdomoni, huna haja ya kulirudia.

Walitoka kwa kinyozi, wakatoka kwenye bar, wakatoka kwa mafundi wa pikipiki. Mmoja akapanda, akamvuta mguu. Fabrice akawahi kuilaza paneli, kisha akaanguka kutoka juu ya bati, akaangukia mkono. Nilisikia mfupa.

Na bado alikuwa anapiga kelele.

"Muunganishe zile nyaya mbili! Mutu apande aunganishe nyaya mbili tu! Divin anakufa, nyie!"

Kuna mtu akampiga mdomoni.

Asiya, jirani yangu, ndiye aliyenivuta kitenge.

"Orpha! Achana na huyo! Mume wako, Orpha!"

Tukarudi ndani. Umeme wa mji ulikuwa umekatika tangu jana yake. Betri zilikuwa zimekwisha. Tukatafuta gari. Gari la jirani lilikuwepo, tena zuri, limefunikwa na turubai kwa sababu halina tone la esansi, yaani petroli. Joëlla, binti yangu wa miaka tisa, alikuwa shuleni. Namshukuru Mungu kwa hilo moja.

Divin alikufa mikononi mwangu na mwa Asiya. Wanaume wote wenye nguvu ya kumbeba walikuwa nje, wanampiga mdogo wake.

Subirini... Najua mmeshaanza kumtukana Fabrice huko chini kwenye comment. Ngojeni kwanza niwarudishe nyuma.

Mimi naitwa Orpha. Nimetoka Uvira, ng'ambo ya mpaka, nina miaka kumi na mbili hapa Bujumbura. Nauza ndagala kavu, dagaa wa ziwani. Na nina mdomo, wanaonunua kwangu wanajua. Mteja akipapasa ndagala zangu bila kununua, anaondoka na maneno yake kwenye mfuko.

Divin alikuwa fundi wa kuchomelea. Mageti, madirisha, vitanda vya chuma. Miaka kumi na tano ndani ya chumba kisicho na dirisha, bila hata kitambaa puani. Anatengeneza madirisha ya watu, yeye mwenyewe anavuta moshi!

Alianza kukohoa. Akapungua. Akashindwa kupanda ngazi mbili. Daktari akaniita pembeni.

"Mama, mapafu yake hayatarudi. Anahitaji oksijeni kila siku, saa zote."

"Mpaka lini?"

Akaangalia karatasi zake.

Tukapata mashine kupitia watu wa kanisa. Ni kama kabati dogo lenye magurudumu. Inavuta hewa ya chumbani, inachuja, inampa mgonjwa oksijeni kwa mrija. Haina chupa ya kwenda kujaza.

"Inahitaji umeme tu," daktari alisema.

Umeme TU! Alisema kama vile yeye anaishi mji mwingine.

Fabrice ndiye aliyeleta wazo la sola. Ni mdogo wake Divin, tumbo moja. Anaishi mtaa wa Carama, kazi yake ni kufunga sola kwenye nyumba za watu. Ndugu wa Uvira wakachanga, kanisa likaongeza, yeye akafunga bila kuomba hata soda. Paneli nne juu ya bati, betri nne kwenye kona, na kiboksi chenye namba ukutani, mbele ya kitanda. Namba ikipanda, betri zinajaa. Ikishuka, zinakauka.

Siku aliyomaliza aliniita.

"Mama Joëlla, sikiliza muzuri. Hizi plaki zinakula jua. Usizifunike hata siku moja."

"Mi nitazifunika na nini? Blanketi?"

Tukacheka wote. Divin akacheka mpaka akakohoa.

Na sikuwahi kuzifunika. Naapa mbele yenu.

Miezi mitatu tuliishi. Sijui niseme nini zaidi ya hapo... tuliishi. Umeme ukikatika, majirani wanapiga miluzi, sisi mashine inanguruma kama kawaida. Divin alikuwa anakaa mlangoni na mrija wake mrefu, anamsimamia Joëlla kazi za shule. Joëlla alikuwa anawaambia wenzake, "Papa yangu anapumua jua." Nikajidanganya kwamba nitazeeka na mume wangu.

Halafu mvua zikaanza, na betri zikaanza kuchoka.

Mwanzo mashine ililia jioni. Wiki iliyofuata ikalia saa kumi. Tulisema ni mawingu. Lakini kuna siku jua lilikuwa linawaka mpaka mbwa wanatafuta kivuli, na bado betri hazijai!

Fabrice alikuwa anakuja jioni akitoka kazini. Anapima, anakuna kichwa.

"Shemeji, sielewi. Labda batri moja imechoka."

"Si we ndiye ulizichagua?"

"Ni mimi."

"Sasa?"

Hakujibu. Na mimi mtu asiyejibu namhesabu kuwa ana kosa. Ndivyo nilivyo.

Siku moja Asiya akanifuata sokoni, akanong'ona.

"Orpha, mi sipendi fitina, wallahi. Lakini shemeji yako leo ametoka kwako na batri juu ya baiskeli. Ameifunika na gunia."

Nilipofika nyumbani nikamuuliza Divin.

"Fabrice amebeba batri?"

"Ameleta ingine."

"Ingine ya wapi? Mbona hajaniambia?"

"Mama Joëlla... muache afanye kazi yake."

"Divin, huyo anakuibia huku anakuangalia machoni!"

Akageukia ukuta. Nikasema haya, anamficha ndugu yake, mimi nimekuja tu hapa na begi.

Kuanzia siku hiyo nikawa namchungulia Fabrice kama paka. Akija nahesabu betri. Akiondoka nahesabu tena.

Katika maisha yangu yote, kitu kimoja tu kilikuwa kinaenda vizuri. Biashara! Wenzangu mvua iliwaua. Ndagala zao zilikuwa na ukungu, zinanuka, nyingine na madoa ya kutu ya bati. Zangu kavu, nyeupe, zinang'aa. Wateja waliruka meza tatu kuja kwangu.

"Orpha, we unazianikia wapi?"

Nilikuwa nacheka tu. Siri ya biashara haitolewi bure.

Sasa turudi siku ile.

Kabla sijamfunga Divin macho vizuri, nilikuwa nimeshapiga picha. Ndiyo, mimi. Fabrice amefungwa kamba ya nguo kwenye geti la Asiya, damu puani, mkono unaning'inia. Nikaandika: MWIZI WA SOLA. AMEUA KAKA YAKE MGONJWA. SAMBAZA ASIFIKE KWAKO.

Nikaitupa kwenye group la WhatsApp la mtaa.

Dakika kumi haikuchukua. Ilifika mtaa wa Nyakabiga, ikafika Carama, ikavuka mpaka wa nchi, ikafika Uvira. Mama mkwe wangu, mama Consolée, aliiona kwenye simu ya jirani yake. Aliwapata watoto wake wawili kwenye ujumbe mmoja, huyu mwizi na huyu maiti.

Wengi wenu mnaosoma hapa mliiona ile picha. Wengine mliandika chini yake. Sijasahau mliyoandika, kwa sababu yalinifurahisha.

Fabrice polisi walimchukua, wakamfungia. Kaka yake alizikwa yeye hayupo.

Matanga yakakaa nyumbani kwetu. Wanawake wa mtaa wakapika. Kulikuwa na ndagala juu ya bati, zile nilizoanika asubuhi ile. Fabrice alikuwa amezisogeza vizuri kwenye turubai, hata moja haikuanguka. Wakazishusha, wakazipika na nyanya na pilipili, wakala na bugari, ugali wa muhogo.

Na mimi nilikula. Watu walisema, "Kula, Mama Joëlla, upate nguvu." Nikala mpaka nikalamba vidole.

Wiki mbili zikapita. Sikutaka tena kuiona sola ile. Asiya akaniletea baba yake mdogo, Mzee Massoudi, fundi umeme wa siku nyingi hapa Bwiza, aje kuifungua na kuitafutia mnunuzi.

Alianza na betri. Akapima ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Akaniangalia juu ya miwani.

"Nani amesema hizi batri ni mbovu?"

"Shemeji yangu alikuwa anabadilisha nzuri analeta mbovu."

"Ziko muzima, binti. Zina njaa tu, hazikuwa zinapata chakula. Na hii moja ni mupya kabisa. Hii ni ya Fabrice mwenyewe, ilikuwa ya atelier yake, pale anapofanyia kazi. Nimeiona kwake kwa macho yangu."

"Si kweli."

"Nikudanganye nipate nini?"

Akapanda ngazi. Mzee wa miaka sabini na kanzu yake ameikunja kiunoni.

"Binti! Njoo uone."

Nikapanda. Mnakumbuka zile paneli mbili zilizokuwa hazipo mahali pake? Zilikuwa upande wa pili wa bati, upande wa nyuma. Zimefungwa skrubu zote, nyaya zake zimekazwa vizuri.

"Mwizi anaiba plaki anaifunga tena palepale kwenye nyumba yako?"

Nikajaribu skrubu moja kwa vidole. Haikugeuka.

"Huyu mutoto alikuwa anahamisha. Zimebaki mbili, na nyaya mbili za kuunganisha. Sasa niambie, kwa nini alitaka kuzipeleka nyuma?"

"Sijui, Mzee."

Akainama kwenye paneli iliyolala. Akakwangua ukingo wa chini kwa ukucha, akanusa kidole.

"Hii ni nini?"

Nikatazama. Vilikuwa vigamba vidogo vidogo, vimekauka na mafuta.

"...Ndagala."

"Unaanika huku?"

"Pembeni tu, Mzee! Ukingo wa chini tu! Upana wa viganja viwili. Juu kote naacha wazi."

Ndugu zangu, bati letu ni la kutu. Ndagala ukizianika pale zinapata madoa. Lakini kioo cha paneli ni kisafi, kinachemka, na ule ukingo wa chuma wa chini unazuia zisiteleze. Tangu mvua zianze, kila asubuhi nilikuwa napanda nazo, nazipanga mstari mmoja kwenye paneli zote nne. Saa tisa nazishusha. Fabrice akija jioni hakuna kitu.

Sikufunika. Nilisema sitafunika, na sikufunika. Niliweka pembeni!

Mzee Massoudi hakunigombeza. Angenigombeza ingekuwa nafuu. Akaunganisha kipimo chake kwenye paneli, jua liko utosini.

"Soma namba."

Nikasoma. Ilikuwa kubwa.

Akavua koti, akalikunja jembamba, akalilaza kwenye ukingo wa chini. Palepale pa ndagala zangu.

"Soma tena."

Namba ilikuwa imeanguka karibu na sifuri.

Nikamwambia arudie. Akaondoa koti, ikapanda. Akaweka, ikaanguka. Akaondoa. Akaweka.

"Hivi vipande vya ndani vimeshikana," akasema, "kama watu wanapitishana ndoo kwenye moto. Wale wa chini wakilala, ndoo haifiki. Haijalishi wa juu wana nguvu gani."

Nikakaa kwenye bati. Lilikuwa la moto, linaniunguza, na sikuinuka.

Miezi miwili! Miezi miwili mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, kila asubuhi nikiwa naimba pambio!

Mzee akanishika bega.

"Ngoja nimalize kazi ya mwenzangu."

Akafunga paneli mbili zilizobaki. Kisha akasema sasa naunganisha nyaya. Sijui kwa nini, nikatoa simu nikaangalia saa.

Alipomaliza nikaangalia tena.

Dakika nne.

Mzee wa miaka sabini, macho mabovu, mikono inatetemeka. Dakika nne! Fabrice aliniomba tano.

Tukashuka. Mzee akawasha mashine kujaribu. Ikanguruma vizuri kabisa. Ule mrija ulikuwa bado umelala kwenye mto wa Divin, nikaukaribia na shavu. Hewa ilikuwa inatoka... baridi, safi, nyingi. Chumba hakina mtu wa kuipumua.

Mnadhani imeishia hapo? Na mimi nilidhani hivyo.

Simu ya Divin ilikuwa imezima tangu siku ile. Nikaichomeka kwenye betri zilezile. Ilipowaka, nikafungua WhatsApp yake na Fabrice. Zilikuwa vocal tupu, ujumbe wa sauti, nyingi, moja chini ya nyingine.

Nikabonyeza ya kwanza. Sauti ya mume wangu ikajaa chumbani, na ile pumzi yake fupi fupi, anamwita mdogo wake petit kama siku zote.

"Petit... nimejua shida. Si batri. Ni ndagala za Mama Joëlla. Asubuhi nasikia anazipanga juu ya kichwa yangu... na ile namba ya kwa ukuta inaanguka. Kila siku. Akizitoa, inapanda."

Alikuwa amelala pale chini siku nzima, anaitazama ile namba. Alikuwa ananisikia!

Fabrice: "Grand, kaka yangu, mi namwambia leo leo."

Divin: "Apana! Apana, usimwambie. Hizo ndagala ndio zinatulisha. Bati iko na kutu, akianika pale hakuna mutu atanunua. Na akijua ni yeye... we unamjua. Ana mudomo, lakini moyo yake ni ya mutoto. Itamuua."

Fabrice: "Na we je? We huoni utakufa?"

Divin: "Mi napunguza mashine muchana. Naweka kidogo kidogo. Akirudi nawasha yote, anakuta niko muzima."

Jamani... Mume wangu alikuwa anajinyima hewa mchana kutwa. Mimi nikirudi jioni namkuta anatabasamu, namwambia, "Leo unaonekana vizuri!"

Ya mwisho ilikuwa ya jioni ya kuamkia kifo chake. Umeme ulikuwa umeshakatika.

"Petit, nimefikiri. Kesho akienda soko, njoo. Uzihamishe plaki zote upande wa nyuma. Akirudi tutasema ni we umeona nyuma jua iko nyingi. Ataendelea kuanika yake mbele, hatajua kitu. Ukisikia yuko njiani, simama, asikukute."

Fabrice: "Batri ziko chini, grand. Na kufungua kila kitu saa hiyo, mashine itazima..."

Divin: "Zitatufikisha. Kuja tu. Na hata akikukuta... usimwambie. Niahidi."

Fabrice: "Nakuahidi."

Sasa mmeelewa kwa nini uso wake ulibadilika? Mmeelewa kwa nini, wanamvunja mkono, wanamtoa damu, alitaja nyaya na hakutaja ndagala hata mara moja?

Alishika ahadi. Na kidole cha Divin kilichokuwa kinaonyesha bati... alikuwa ananiambia nimwache amalize.

Nilikwenda polisi na simu mkononi, nikasema ni mimi niliyekosea. Walimtoa. Sikuwa na ujasiri wa kumsubiri mlangoni.

Mwezi mmoja baadaye nikaenda Carama. Mama Consolée alikuwa amekuja kutoka Uvira kumuuguza. Alinifungulia mlango, akaniangalia, akarudi jikoni bila salamu. Ilikuwa haki yake.

Fabrice alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki. Mkono wa kulia umepona vibaya, umepinda. Vidole viwili havikunji.

"Karibu, shemeji."

Bado ananiita shemeji! Nikapiga magoti chini, na kitenge changu, na aibu yangu yote.

"Nimesikiliza vocal."

"Zote?"

"Zote."

"Ungeziacha. Yeye hakutaka uzisikie."

"Fabrice, nisamehe."

Mama Consolée akaleta bugari na mboga ya lenga-lenga, akaweka katikati yetu. Fabrice akala kwa mkono wa kushoto. Mbele ya mama yake, mkono wa kushoto, kama mtu asiyefundishwa. Hakuwa na mwingine.

"Umepata kazi?" nikauliza. Swali la kijinga, lakini mdomo wangu hauna breki.

"Juu ya bati siwezi kupanda tena. Nilisema nitafundisha wengine. Watu wananiita kwa simu, nikifika wanaangalia sura, wanaenda pembeni wanaangalia simu. Halafu wanasema, ngoja tutakuita."

"Ile picha nimeifuta."

Akaniangalia kwa mara ya kwanza.

"Umeifuta kwako, shemeji."

Nikainamia sahani. Mimi, Orpha wa mdomo!

Nilipoinuka kuondoka nikauliza tena kama amenisamehe. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

"Mi niliomba dakika tano tu," akasema, na akaendelea kula.

Ndiyo hiyo, ndugu zangu.

Mtaniuliza somo. Wewe mwenye mgonjwa anayetegemea sola, panda juu leo uangalie. Usiweke kitu kwenye paneli, hata leso ya mtoto, hata pembeni. Pembeni ndipo nilipomuua mume wangu. Na wewe unayempenda mtu, mwambie ukweli anapokosea. Divin alinionea huruma, na huruma yake ndiyo imeniacha hivi.

Na wewe mwenye mdomo kama wangu, mtu akikuomba dakika tano, mpe.

Ndagala sasa naanika kwenye bati. Zina madoa ya kutu, wateja wamenikimbia. Mashine nimeirudisha kanisani. Sola sikuiuza, betri bado ziko kwenye kona, na kila siku kabla ya saa sita zimejaa. Joëlla anaiangalia ile namba ya ukutani, kisha ananiangalia mimi. Bado hajaniuliza. Ataniuliza.

Sijaandika haya ili mnionee huruma. Ile picha yangu ilikuwa na maneno kumi na ilifika Uvira kwa dakika kumi. Hii ni ndefu, najua wengi wameishia pale juu, kwenye "mwizi". Wewe uliyefika hapa, kama ulisambaza ile, sambaza na hii.

Anaitwa Fabrice. Ni fundi wa sola, Carama. Hakuiba.